Mama Uwamwezi na Gramu Mia na Themanini

Mushaki nzima ilijua kwamba ukitaka kununua fromaji, yaani jibini, bila kucheka, usiende kwa Mama Uwamwezi. Meza yake ilikuwa kando ya barabara, fromaji zimepangwa juu ya majani ya mgomba kama magurudumu madogo ya manjano. Nyuma ya meza alikaa mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini kasoro mmoja, mnene wa kiasi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Aliweza kumwiga mtu yeyote: dereva wa lori anayewabembeleza vijana wa barrière, kile kizuizi cha barabarani, bwana harusi anayekunywa chai kwa wakwe bila kutoa sauti, mchungaji anayetafuta miwani iliyo juu ya paji la uso wake mwenyewe. Wateja walinunua nusu kilo, wakabaki saa nzima.

Lakini aliyeangalia vizuri angeona kitu. Wengine walipoangua kicheko, Uwamwezi mwenyewe hakucheka. Alikaza midomo, akapishanisha miguu, akatazama mbali kama mtu anayehesabu ng'ombe wa jirani. Watu wakasema ufundi njo huo, mchekeshaji wa kweli hacheki. Haukuwa ufundi. Uwamwezi alikuwa anazuia mkojo.

Mambo yalianza baada ya mtoto wake wa sita, Jean-Luc, aliyezaliwa na kilo tano kasoro kidogo na kichwa kama boga. Mwanzoni lilikuwa tone moja akipiga chafya. Miaka ikaenda, Jean-Luc akaota ndevu, na tone likawa matone: akikohoa, akiinua bidoni la maziwa, akiruka mfereji, na hasa akicheka. Akilala, kitanda kikavu. Akikaa kimya, kavu. Kicheko kikitoka tu, na maji nayo yanatoka. Mungu alimpa mwanamke huyu kazi ya kuchekesha, kisha akamnyima ruhusa ya kucheka.

Akajifunza mbinu. Vitenge vya rangi nyeusi. Vitambaa vilivyokunjwa mara nne. Na mbinu kubwa kupita zote, kikombe. Kila alipokuwa kwenye watu alishika kikombe cha kitu fulani, na kicheko kikimzidi nguvu kikombe kilimponyoka, "Ee, nimejimwagia!", kitenge kikalowa chote, na nani angetofautisha maji na maji? Sokoni kilikuwa kikombe cha maji. Kwenye harusi kilikuwa kikombe cha kasiksi, maana kwenye harusi anayeshika maji anaulizwa kama ni mgonjwa.

Hapo njo alijiponza. Kati ya Pasaka na mwezi wa nane zilipita harusi tano, na mara tano Uwamwezi alirudi nyumbani akinuka pombe ya ndizi kuanzia kiunoni hadi magotini.

Kiongozi wa kwaya aliyoimbia Uwamwezi aliitwa Munyakazi, mtu mrefu, mkavu, aliyebeba kitabu cha nyimbo kwapani hata akienda kulima. Akamwita Uwamwezi mbele ya komite ya kanisa.

"Mama Uwamwezi, bantu banasema unakunywaka."

Uwamwezi alikuwa na muda wa kumeza mate tu ili achague. Akachagua.

"Nakunywaka, Papa Munyakazi. Kidogo."

"Kidogo? Harusi ya juzi ulijimwagia mpaka mu viatu!"

"Njo kusema sikukunywa yote."

Mwanakomite mmoja akakohoa ili asicheke. Munyakazi hakukohoa. Akamsimamisha kwaya miezi sita. Uwamwezi akatoka kichwa juu, maana hesabu yake ilikuwa rahisi: mlevi anaombewa, analiliwa, anatungiwa hata wimbo wa kurudi kwa Bwana. Mama mzima anayejikojolea hana wimbo wowote.

Kilichomuuma ni mume wake. Jean-Bosco Ndayambaje alikuwa mushemasi na mkulima wa maharagi, mtu wa maneno machache. Hakumgombeza. Alianza tu kunusa vikombe vya chai kabla ya kuvirudisha mezani. Siku moja Uwamwezi alimpelekea chakula shambani, akamkuta amepiga magoti kati ya maharagi, jembe limelala pembeni, akiomba kwa sauti: "Bwana, uondoe ile chupa mu nyumba yangu." Katika nyumba hiyo hakukuwa na chupa yoyote ila ya mafuta ya kupikia. Uwamwezi alitaka kucheka, akapishanisha miguu kwa mazoea. Halafu hakutaka tena. Akaweka sahani chini na kurudi bila kuaga.

Aliyeifungua siri ni Adelaïde, jirani yake na rafiki yake tangu walipokuwa wasichana wa kuchota maji. Walikuwa wamekaa nyuma ya jikoni kwa Adelaïde wakimenya viazi, kila mmoja na kikombe chake cha uji, na Uwamwezi akawa anamwiga Munyakazi: "Mpaka mu viatu!" kitabu cha nyimbo kikiwa kiazi alichokibana kwapani. Adelaïde akacheka. Akacheka mpaka akainama, kisha ghafla, kwa mkono uliozoea, akajimwagia uji wake wote mapajani.

"Ee, nimejimwagia!" akasema.

Uwamwezi akaweka kisu chini. Mganga akimwona mwenzake anachimba mzizi, hahitaji kuuliza mzizi wa nini.

"Adelaïde. Kile kitu kimekuponyoka."

"Njo, kikombe."

"Kikombe, ao ile ingine?"

Adelaïde akaangalia viazi. "Yote mbili," akasema.

Siku hiyo viazi havikumenywa tena. Adelaïde alisema yeye amekuwa hivyo tangu alipomzaa Gentille, bintiye wa nne, na kwamba Gentille mwenyewe, aliyeolewa Kitshanga, alikuwa ametuma ujumbe: kwenye kituo kimoja cha afya huko amefika daktari mwanamke, atakaa majuma mawili, anapokea akina mama wenye shida ya mkojo.

"Banapasua," akasema Uwamwezi. Kitu alichokiogopa miaka yote, hata jina lake hakulitamka kwa urahisi, ni fistule, tundu la uzazi linalovujisha mkojo bila kukoma. Aliwahi kuwaona wanawake waliopata ugonjwa huo, wanavyokaa peke yao mwisho wa benchi.

"Banapima kwanza," akasema Adelaïde. "Gentille anasema twende na kibofu imejaa. Bila vile, hakuna kupima."

Basi wakakodi pikipiki ya Mbonigaba, wote wawili nyuma yake, Adelaïde katikati. Adelaïde, mwenye busara, alipita chooni kabla ya kuondoka akasema atakunywa maji akifika. Uwamwezi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alitii amri: alikunywa vikombe vitatu asubuhi, akabana.

Anayeijua barabara hiyo hahitaji kuelezwa. Kuna shimo, kuna jiwe, kuna shimo ndani ya shimo. Kwenye barrière kijana mmoja akamwuliza, "Mama, umebeba nini?" Akamjibu, "Maji." "Iko wapi?" "Ukituchelewesha utayaona." Wakapita. Shimo la kwanza baada ya hapo alilishinda. La pili alilishinda. Kwenye la tatu pikipiki iliruka, Mbonigaba akaita jina la Yesu, na Uwamwezi akaona kwamba hakuna tena sababu ya kubana. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, kitenge chake hakikuwa kitu pekee kilicholowa, na Mbonigaba hakuuliza kitu kuhusu kiti chake. Mvua hubeba lawama nyingi.

Ndivyo alivyofika kwa daktari, mkavu kwa ndani na mbichi kwa nje.

Dokta Umwali alikuwa na miaka thelathini hivi, miwani mikubwa, na uso usiotikisika hata kidogo. Uwamwezi alipomwona tu aliapa moyoni: huyu siondoki kabla hajacheka. Akamsimulia habari ya pikipiki, shimo kwa shimo. Mama mmoja aliyekuwa nje ya pazia alisikika akicheka. Dokta Umwali akaandika.

"Inatokaka usiku na mchana, bila kusimama?"

"Hapana, Dokta. Nikicheka. Nikikohoa. Nikibeba maziwa."

"Ukilala?"

"Kavu kama unga."

"Basi haifanane na fistule, Mama. Fistule haingojake ucheke. Lakini nitakuangalia vizuri."

Akamwangalia, taratibu, akimwambia kila mara anachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Akachukua mkojo kidogo uliobaki, akachovya kijiti chenye rangi, akasema hakuna maambukizi. Tundu hakuna. Uwamwezi akalala pale kitandani akitazama bati la dari. Alikuwa amelibeba jina hilo miaka kumi na tisa.

"Sasa kohoa," akasema Dokta.

Akakohoa. Hakikutoka kitu. Dokta akaandika.

Akampa maji, akamngojesha kwenye benchi mpaka kibofu kikajaa tena, akamsimamisha juu ya kitambaa, miguu imetengana. "Kohoa kutoka mu tumbo." Uwamwezi akakohoa kama kuku aliyemeza punje vibaya.

"Unazuia, Mama."

"Sizuie!"

"Unazuia mpaka masikio."

Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo mwili wake ulikuwa umejifunza kubana mbele ya watu, na sasa mtu anamwomba aache, tena mtu mwenye kalamu. Alikohoa mara ya tatu na ya nne. Kitambaa kikabaki kikavu. Wakati huo Adelaïde alikuwa ameshapimwa na kutoka. Kikohozi kimoja tu, robine ya bomba ikafunguka. Akawa amekaa uani akijipepea, uso wa mtu aliyefaulu mtihani wa serikali. Uwamwezi akamwonea wivu. Akawaza kwamba watamwandikia "hana kitu," na atarudi Mushaki akiwa si mgonjwa bali mlevi, kwa maandishi.

"Iko kipimo ingine," akasema Dokta. "Ya kupima uzito."

Akatoa pedi mpya ya pamba, akaiweka juu ya mizani ndogo ya namba.

"Dokta," akasema Uwamwezi, "mizani yako haianzie kwenye zero."

Dokta akainama. Mizani ilikuwa inaonyesha gramu tatu kabla ya kuwekewa chochote. Akairudisha kwenye zero, akapima pedi upya, akaandika. "Asante, Mama." Bila tabasamu. Uwamwezi, aliyeishi kwa mizani tangu alipoolewa, akatikisa kichwa kwa huruma.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Avae ile pedi. Anywe nusu lita ya maji na kukaa robo saa. Kisha atembee nusu saa, apande na kushuka ngazi za saruji zilizo mbele ya kituo. Akirudi, akae na kusimama mara kumi, akohoe mara kumi, akimbie mahali pamoja dakika moja, ainame kuokota vitu vidogo chini, na mwisho anawe mikono kwenye maji yanayotiririka, maana kwa wengine sauti ya maji peke yake inatosha. Baada ya saa hiyo, pedi inarudi kwenye mizani. Kilichoongezeka ndicho kilichovuja.

Uwamwezi alipanda ngazi, akashuka, akapanda. Wagonjwa wa benchi wakamhesabia kwa sauti, naye akawapungia mkono kama mgombea wa uchaguzi. Alikaa na kusimama. Alikimbia bila kwenda popote. Aliokota maharagi matano sakafuni, moja moja, na kusema kwamba Jean-Bosco angemwona angeokoka mara ya pili. Na wakati wote huo, kwa sababu watu walimtazama, alibana. Alijua kwamba anabana. Alijiambia acha, na mwili ukamjibu mimi nawe hatukupatana hivyo.

Alipofika kwenye kunawa mikono alikuwa anasikia pamba bado kavu. Kidumu chenye robine kilikuwa kwenye kona, nyuma ya pazia. Muuguzi alikuwa amegeuka. Uwamwezi akanawa mkono wa kulia, akanawa wa kushoto, kisha akachota viganja viwili vya maji na kuyapeleka pale alipoona yanahitajika zaidi.

Mtu anayejua gramu za fromaji kwa kuishika tu si lazima ajue gramu za maji ya haraka. Pedi ilipowekwa kwenye mizani, namba zilikimbia, zikapita kumi, zikapita hamsini, zikasimama kwenye mia na themanini.

Dokta Umwali aliitazama namba muda mrefu. Akaitazama pedi. Akainua pua kidogo.

"Mama Uwamwezi."

"Ndiyo, Dokta."

"Mkojo yako inanuka chlore ya maji ya kunawa."

Nje kuku alipita. Uwamwezi akanyoosha mgongo.

"Njo vile, Dokta. Sisi bantu ya Mushaki tuko safi mpaka mu ndani."

Kwanza ilianza miwani. Ikatikisika juu ya pua. Halafu mdomo, halafu mabega, na Dokta Umwali akatoa kicheko ambacho hakuna aliyekitegemea kutoka kwa mtu mwenye diploma: kicheko cha kukoroma, cha kuvuta pumzi kama punda anayepanda mlima. Alishika meza. Akavua miwani. Akajaribu kusema "Mama, haifai," akafika "haifai" na kukoroma tena.

Kukoroma huko kulimmaliza Uwamwezi. Alicheka. Alicheka kutoka chini kabisa, mikono mitupu, bila kupishanisha chochote, machozi yakishuka, kicheko kilichokuwa kinangoja zamu yake tangu Jean-Luc akiwa wa kunyonya. Na chini yake, kwenye saruji ya kituo, yakashuka.

"Dokta! Angalia! Njo hii!"

"Naona, Mama, naona! Usiache kucheka!"

"Hata nikitaka siwezi!"

Muuguzi aliingia mbio akidhani kuna mtu anakufa, akamkuta daktari amechuchumaa sakafuni, anafuta macho kwa mkono mmoja na kuandika kwa mkono wa pili. Kwenye karatasi ya Uwamwezi, ambayo anayo mpaka leo ndani ya Biblia, paliandikwa kwamba mkojo unatoka tumbo likisukuma, na kwamba jambo hilo limeonekana kwa macho.

Walipopata pumzi, Dokta alimweleza. Chini ya kibofu kuna nyama zinazokishika, kama kamba za kitanda. Zikilegea kwa kuzaa na kubeba mizigo, tumbo likisukuma kwa nguvu mlango haushiki. Si laana, si uzee, na zaidi ya nusu ya wanawake waliokaa kwenye benchi lile wana kitu cha namna hiyo. Kuna upasuaji, lakini mbali, na si wa kuanzia. Wa kuanzia ni mazoezi.

"Unakaza mu ndani, kama muntu iko nazuia upepo katikati ya kanisa. Unahesabu mpaka nane. Unaachia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Miezi tatu. Na bidoni ya maziwa, Jean-Luc abebe."

Jioni hiyo Uwamwezi alimwambia mumewe kila kitu. Alianzia kwenye kikombe na hakuruka hata shimo moja la barabara. Jean-Bosco alisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Basi hakuna chupa," akasema mwishowe.

"Hakukuwe chupa hata siku moja."

"Nimemusumbua Mungu bure." Akafikiri. "Na nyuma ya zizi nimechimba mara tatu."

"Ulichimba?"

"Nilifikiri umeizika." Kisha akanyoosha mkono, akaushika wa mkewe, jambo ambalo mushemasi Ndayambaje hakulifanya ovyo. "Ungeniambia, mama ya Jean-Luc. Miye ningefua ile vitenge."

Jumapili iliyofuata Uwamwezi aliomba mwenyewe kuitwa mbele ya komite.

"Umetubu?" akauliza Munyakazi.

"Sikutubu, Papa. Nimepimwa."

Akawaeleza. Hakupunguza. Akaeleza kibofu, akaeleza pedi, mizani, ngazi, maharagi matano. Wanaume wa komite wakagundua kwamba dari ya kanisa ina mbao nzuri sana. Munyakazi alipandisha kitabu cha nyimbo taratibu mpaka kikamfunika uso.

"Inatosha, Mama. Rudia mu kwaya."

"Bado, Papa. Sijafika kwa kikohozi."

Juma halikuisha kabla ya mwanamke wa kwanza kufika kwenye meza ya fromaji, kuchagua kipande kidogo, na kubaki pale anakipapasa bila kusema bei. Alikuwa mke wa Munyakazi. Baadaye wakaja wengine. Walinunua fromaji nyingi mwezi huo Mushaki, hata wale wasioipenda.

Miezi mitatu Uwamwezi alikaza. Alikaza sokoni akimrudishia mteja chenji, alikaza kwenye matangazo ya kanisa, ambayo ni marefu na yanafaa. Dokta Umwali aliporudi Kitshanga, safari hii Uwamwezi alipanda lori la viazi pamoja na wanawake saba, wote wamepita chooni kwanza. Alisimama juu ya kitambaa, kibofu kimejaa, akakohoa kutoka tumboni: matone mawili. Kipimo cha uzito kilifanywa upya, muuguzi akiwa amesimama kando ya kidumu na hakugeuka hata mara moja. Gramu nne.

"Haijaisha," akasema Dokta. "Lakini iko inaenda vizuri. Endelea."

Anaendelea. Kucheka anacheka, akiwa amekaa bila shida, akiwa amesimama kwa kipimo. Chafya bado inamshinda, hasa wakati wa kupura maharagi vumbi likiwa jingi. Ikimpata mbele ya meza anasema tu "Pardon," anaingia ndani kubadilisha kitenge, na mteja anangoja.